Mjane Mwenye Mume

Mmeniomba niwaambie jinsi ya kuuza. Nimewatazama mlivyokaa hapo, simu mikononi, nikajiuliza nani amewatuma na anataka nini. Msinichukie. Ndiyo tabia yangu na nimezeeka nayo. Mtu akija kwangu na maneno mazuri, mimi huanza kwa kumtilia shaka, halafu nikiona hana neno namkaribisha chai. Wengi wenu chai mtakunywa. Sijasema wote.

Mimi ni Mama Hadija. Nimezaliwa Handeni, Mzigua kwa baba na kwa mama, nikaolewa Korogwe. Karibu maisha yangu yote ya kazi nimeuza vitu vya kituo cha sanaa kilichokuwa Kwamndolwa. Palikuwa na vyungu vya wafinyanzi wa Handeni, vikapu vya akina mama wa Mnyuzi, vigoda na miiko ya wachongaji wetu wa mjini, na shanga za akina mama wa Kimasai wanaoishi nyikani huko Handeni. Vitu vikiingia kituoni, mimi ndiye niliyevitoa. Vingine niliviuza rejareja kwenye kibanda changu, pale mabasi ya Arusha na Dar yanaposimama abiria wapate kula. Vingine niliviuza jumla kwa wenye maduka wa Tanga, Lushoto, Moshi na Arusha.

Hizo ni kazi mbili tofauti, wala msidanganywe kwamba ni moja. Abiria wa basi ana sahani ya chipsi mkono mmoja na dereva anapiga honi. Huyo usimweleze historia ya chungu. Mpe kitu kidogo akishike, kisha nyamaza. Nilikuwa naweka bangili na vijiko vya mti mbele, vyungu nyuma, kwa sababu mtu mwenye safari anaogopa kitu kinachovunjika. Mnunuzi wa jumla yeye ana muda. Anakaa, anakunywa maji, anatazama dari. Huyo ndiye wa kuchunguzwa.

Aliyenifundisha kuchunguza ni Bi Zaituni, mama mmoja aliyekuwa ameuza vitenge sokoni kabla hajaletwa kituoni. Alikuwa mfupi, mkimya, na hakuna aliyewahi kumuuzia kitu kibovu. Aliniambia mteja akisifia nisimtazame mdomo, nitazame mikono. Anayetaka kununua, mikono yake inarudi kwenye kitu kile kile. Anayekuja na jambo lake, mikono yake haina pa kukaa. Yeye mwenyewe kikapu akiletewa alilowesha kidole kwa mate akakisugua ukingoni. Rangi ikitoka, kikapu kinarudi Mnyuzi na aliyekileta, hata kama ni shoga yake. Chungu alikigonga kwa ukucha na kusikiliza, maana chungu chenye ufa hakilii, kinakohoa. Na shanga aliigusisha mdomoni. Shanga ya kioo ina ubaridi, ya plastiki haina. Jaribuni mkifika nyumbani.

Mkuu wa kituo alikuwa Mwalimu Shekiondo, mwalimu mstaafu wa sanaa, mtu mwema wa kuamini kila kitu. Siku moja alitaka kutuonyesha njia ya kisasa ya kufunga vyungu, akavifunga kwa magazeti, akavipanga ndani ya maboksi vizuri kama vitabu. Vilifika Lushoto vikiwa vigae. Wafinyanzi wenyewe walikuwa wakivifunga kwa nyasi kavu na kuvilaza kwa ubavu, vikibanana, ili gari likiruka navyo viruke pamoja. Mwalimu alicheka mwenyewe, akasema tusimwambie mtu. Basi leo nimesema. Nawaeleza hili mwone alikuwa mtu wa namna gani, kwa sababu mbele huko nitamtilia shaka.

Sasa nije kwa Festo.

Festo alikuwa na duka Arusha, katika mtaa wa hoteli za wageni. Alikuja kwetu akiwa na viatu safi, jambo ambalo kwa vumbi la Kwamndolwa si rahisi. Aliniamkia shikamoo mama, halafu akaniita mama yangu mzazi. Nikajisemea, huyu sikumzaa. Akatazama kila kitu, akasifia kila kitu, mikono yake mara iko mfukoni, mara kichwani, mara inachezea funguo. Mwishowe akasema anataka shanga tu, nyingi, na atakuwa anachukua mara kwa mara.

Sasa sikilizeni. Mnunuzi wa jumla wa kweli ni msumbufu. Anauliza uzi utakatika baada ya muda gani, rangi hii ikikosekana mtaleta ipi, mzigo ukiharibika njiani hasara ni ya nani. Anavuta shanga mbele yako kwa makusudi aone kama zitamwagika. Huyu hakuuliza hata moja. Bei aliikubali nilivyoitaja, na nilikuwa nimeipandisha kidogo ili anishushe. Badala yake aliomba mambo mawili. La kwanza, tusimwekee kile kipande cha ngozi chenye muhuri wa kituo tulichokuwa tukikifunga kwenye kila kitu. Alisema wageni hawakipendi. La pili, apelekwe akawaone akina mama wanaotengeneza.

Nilikataa. Nilimwambia Mwalimu kwamba mtu akitaka maziwa hatuhitaji kumwonyesha zizi. Mwalimu akaniambia, "Mama Hadija, wewe hata mvua ikinyesha unauliza imetumwa na nani." Akaniamuru nimpeleke. Nikakataa mara ya pili, naye akaniamuru mara ya pili, na yeye ndiye mkuu.

Tukapanda basi hadi Handeni, kisha bodaboda mbili, tukaingia nyikani. Boma tuliloliendea lilikuwa la mzee Lemburis. Mke wake, Namnyaki, ndiye aliyekuwa kiongozi wa akina mama wa shanga. Yeye ndiye aliyegawa kazi, alikagua kila ushanga kabla haujanifikia, na mara mbili alinirudishia nyuzi nilizompelekea kwa sababu aliziona dhaifu. Tulikuwa tunaheshimiana. Sisemi tulikuwa marafiki. Yeye alinihesabia nyuzi na mimi nilimkagulia shanga, na hivyo ndivyo tulivyokaa vizuri miaka yote.

Festo aliwaletea sukari na majani ya chai. Wakafurahi. Akatoa simu, akasema anaomba picha ya ukumbusho. Nilidhani atawapiga wote pamoja na kazi zao. Hapana. Alimchagua Namnyaki peke yake. Kisha akamwomba avue shanga za shingoni na zile za masikioni.

Nikamuuliza, "Unauza shanga, mbona unamvua shanga?"

Akacheka, akasema wageni wanapenda uso, mama yangu. Akamwambia Namnyaki asitabasamu. Mzee Lemburis alikuwa amekaa kwenye kigoda chake pembeni, akiangalia. Festo akamwomba kwa adabu asogee kidogo, kwa kuwa kivuli chake kinaingia kwenye picha. Mzee akasogea. Mimi nikatazama chini. Kivuli cha mzee kilikuwa kimeanguka upande wa pili kabisa, kuelekea zizini.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nakiwaza kivuli kile. Nilipomweleza Mwalimu, akasema nimeanza kuzeeka vibaya.

Oda zikaja. Lazima niseme kweli, zilikuja nyingi. Akina mama wa kule nyikani wakajenga, watoto wakapata sare za shule, na kila mtu kituoni akaanza kuniangalia kama mtu aliyetaka kuzuia neema. Mwalimu akapata simu mpya kubwa. Alisema amenunuliwa na mwanawe. Labda. Mimi niliendelea kufunga mizigo ile isiyokuwa na alama ya kituo, na kila nikifunga nilijiuliza kitu chetu kinakwenda kuitwa nani.

Jibu lilinijia kibandani, kutoka kwa abiria. Alikuwa muuguzi kijana anayetoka Arusha kwenda Dar. Alichukua bangili moja, akaigeuza, akaniambia kwa huruma kwamba hizi ndizo za yule mjane. Nikamuuliza mjane gani. Akasema yule wa Arusha, mwenye picha kubwa dukani, masikini mume wake aliliwa na simba. Na yeye alikuwa amechangia kidogo kwenye sanduku la watoto wake. Nikamuuliza huyo mama anaonekanaje. Akanieleza. Ana alama ndogo juu ya nyusi ya kushoto, anatazama kama mtu aliyechoka kulia.

Namnyaki ana alama ile. Alipigwa teke na ndama akiwa mtoto, aliniambia mwenyewe. Honi ikalia, muuguzi akakimbilia basi, na mimi nikafunga kibanda mchana kweupe, jambo ambalo sikuwahi kulifanya.

Nilikwenda Arusha bila kumwambia Mwalimu. Nilivaa mtandio wangu wa sikukuu, nikaingia dukani kama bibi anayemtafutia mjukuu zawadi. Nilimkuta Namnyaki. Alikuwa ukutani, kwenye bango la turubai refu kuliko mimi, shingo tupu, macho yanatazama chini. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha kuuzia tu. Lakini dada wa duka alikuja akanisimulia bila kuombwa. Huyu anaitwa Neema, alisema. Mume wake aliuawa na simba akichunga. Ndugu wa mume wakamfukuza na wanawe. Sasa anaishi kwa kutengeneza shanga hizi peke yake, na bosi wetu ndiye anayemsaidia. Juu ya meza palikuwa na sanduku la kioo limejaa noti za wageni.

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia dada yule. Niliangalia mikono yake. Ilikuwa imetulia, na machoni alikuwa na machozi ya kweli. Yeye naye alikuwa amedanganywa kama wateja, na kila siku alikuwa akilia kwa ajili ya mtu asiyekuwepo. Nikanunua bangili moja, nikatoka.

Nilimpigia Mwalimu kutoka stendi. Akasema nisipige kelele, tumwandikie Festo kwa upole, kwa sababu akina mama wale watakosa soko. Inawezekana alikuwa akiwafikiria akina mama. Mimi niliifikiria ile simu aliyokuwa akinisikilizia.

Nilipofika Handeni nilikuta habari zimenitangulia. Mnajua vijana wa Kimasai wanavyofanya ulinzi mijini. Mmoja, mtoto wa dada yake Lemburis, alikuwa mlinzi mtaa ule ule wa Arusha. Alipita dukani, akamwona mke wa mjomba wake ukutani, akauliza bango linasema nini. Akapiga simu nyumbani kwa uchungu, akiuliza mjomba amefariki lini na kwa nini hakuambiwa. Habari ikaruka. Binamu wa Lemburis alisafiri kutoka Kiteto kuja kuhani msiba, akaingia bomani ameinamisha kichwa, akamkuta marehemu anakunywa chai.

Nyinyi mnacheka. Na mimi ningecheka, lakini pale hapakuwa na kicheko. Watu walisema mwanamke hawezi kuwaambia wageni kwamba mumewe amekufa kama hajaanza kuitaka siku hiyo. Walisema amemuuza kwa sukari na majani ya chai. Namnyaki aliapa kwamba hakusema kitu. Hakuaminiwa. Nilipofika alikuwa amekwisha rudishwa kwa kaka yake, watoto wakubwa wamebaki, mdogo yuko naye mgongoni. Akina mama wa shanga walikuwa wamekaa kivulini, na hakuna hata mmoja aliyenipa mkono. Kazi zote nilizokuwa nimeagiza zilikuwa zimefumuliwa, shanga zimerudishwa kwenye makopo. Waliniangalia kama mimi ninavyowaangalia watu, na nawaambieni, si vizuri kuangaliwa hivyo.

Lemburis aliniita. Sikukaribishwa kukaa.

"Mama," akasema, "mimi nimekufa?"

"Hapana, mzee."

"Lakini Arusha nimekufa."

"Arusha, ndiyo. Nimekuona kwa macho yangu. Umeliwa na simba."

Akaninyooshea kidole. "Yule mtu wewe ndiye uliyemleta."

Nikamwambia ni kweli, mimi ndiye niliyemwonyesha njia. Nilikataa mara mbili na nikaamriwa mara mbili, lakini miguu iliyotangulia ilikuwa yangu. Akauliza mkewe alimwambia nini mtu yule. Nikasema hakumwambia neno. Mtu yule hakumuuliza kitu isipokuwa jina, na hata hilo jina hakulitumia, ameandika lingine.

"Unasema hivyo kwa sababu unataka shanga," akasema.

Hapo ningeweza kuapa. Ningeweza kulia pia, nilikuwa karibu. Lakini nilimwona mzee yule kuwa ni mtu wa namna yangu, asiyepokea maneno mpaka ayaguse. Nikamwambia, "Ndiyo, nataka shanga. Ndiyo kazi yangu. Kwa hiyo usiniamini. Twende ukaone mwenyewe, na mkeo awepo, yule mtu akisema uongo auseme mbele yenu wote wawili."

 Akaita kijana amletee viatu.

Tulimpitia Namnyaki kwa kaka yake. Alimwacha mtoto kwa wifi yake, akajifunga nguo yake vizuri, akatufuata bila kuuliza tunakwenda wapi. Ndani ya basi Lemburis alikaa mbele, Namnyaki nyuma, na mimi katikati yao kama mzigo usiojulikana ni wa nani. Korogwe, Mombo, Same, Moshi, hakuna aliyesema. Nilinunua mahindi ya kuchoma, nikayala peke yangu.

Dukani tuliingia mimi na mzee kwanza. Namnyaki alisimama mlangoni. Kulikuwa na wageni wachache wa Ulaya na kijana anayewaongoza. Lemburis alikwenda moja kwa moja kwenye bango, akasimama, akamtazama mkewe aliye ukutani muda mrefu. Nadhani hapo ndipo alipoanza kuelewa. Mtu akimjua mkewe anajua kama uso ule ni wa huzuni au ni wa mtu aliyeambiwa asicheke.

Dada wa duka akaja, akaanza kumsimulia kama alivyonisimulia mimi. Mzee alimwacha amalize.

"Simba alimkuta wapi?" akauliza.

"Malishoni, mzee."

"Alikuwa na mkuki?"

Dada akasema nadhani alikuwa nao.

"Basi alikuwa mzembe," akasema Lemburis. "Mimi ndiye huyo mume."

Dada alimtazama, akatazama bango, kisha akamwona Namnyaki mlangoni. Alama juu ya nyusi. Akakaa juu ya boksi la mizigo, mkono mdomoni. Yule kijana wa wageni alikuwa amesikia yote, akaanza kuwatafsiria watu wake kwa sauti ya chini, nao wakaacha kugusa vitu. Dada mwenyewe ndiye aliyempigia bosi wake simu. Alimwambia aje tu, kuna wateja.

Festo aliingia akitabasamu. Akaniona mimi, shikamoo mama yangu, kisha akamwona mzee, na mikono yake ikaenda kwenye funguo. Haraka haraka akatukaribisha ofisini nyuma, tukanywe soda, tuzungumze kama watu wazima.

"Nimekufa hapa mbele za watu," Lemburis akasema. "Nitafufukia hapa hapa."

Festo akaanza kueleza. Akasema ni matangazo tu, mzee, biashara ya wageni inataka hadithi, na hata hivyo faida imewafikia wote, akina mama wenyewe ni mashahidi. Alisema vizuri. Nilimwona kijana wa wageni anaanza kutikisa kichwa kukubali. Na hapo Namnyaki, ambaye tangu Handeni hakufungua kinywa, akaingia ndani.

"Jina langu umeliandika wapi?" akauliza.

Festo akazungusha funguo.

"Na hili sanduku la nani?"

"La watoto, mama."

"Watoto wangu wana baba. Huyu hapa."

Alisema bila kupaza sauti, akamwonyesha kwa kidevu. Lemburis alimtazama. Mimi nilikuwa karibu, nikaona uso wa mzee yule ukibadilika, na nikageukia vikapu ili nisiwe shahidi wa jambo lisilonihusu.

Mwenyekiti wa mtaa aliitwa. Dada wa duka alilibeba sanduku mwenyewe na kumkabidhi mbele yetu, akamkataza bosi wake asiliguse, na siku hiyo hiyo akaacha kazi. Festo alipewa ngazi, akalishusha bango kwa mikono yake, wageni wakitazama, na akatakiwa aseme kwa Kiingereza kwamba mama huyu ana mume na mume huyu yu hai. Akasema. Kijana wa wageni akathibitisha kwamba ndivyo alivyosema, maana mimi nilimwomba athibitishe. Kisha wazee wa Kimasai waliokuwa mjini walikaa naye, wakamtoza mtamba wa ng'ombe. Lemburis alisema yeye hataki kitu, mtamba apewe mama watoto.

Safari ya kurudi walikaa kiti kimoja. Mzee aliongea Kimaa, lugha yao, kwa sauti ya chini, kuanzia Moshi karibu mpaka Mombo, na mkewe alitazama dirishani. Nilijifanya nimelala nipate kusikia vizuri, ila Kimaa changu ni cha salamu tu. Same ilipopita nilisikia Namnyaki amecheka mara moja, kidogo. Sijui alichekeshwa na nini, na ni mara moja tu maishani nimekubali kutojua.

Kituo kilimwacha Festo. Tuliyumba kwa muda, sitawaficha. Mwalimu Shekiondo aliomba kupumzika baada ya muda si mrefu, akaenda kulima kwao milimani. Kama alipewa kitu au hakupewa, mpaka leo sijui. Nilikwenda kumzika, nikamwombea, na bado sijui. Akina mama wa shanga walirudi mmoja mmoja. Namnyaki alirudi wa mwisho, na masharti. Kitu chochote kitakachotoka mkononi mwake kiwe na jina lake kwenye kile kipande cha ngozi, na maneno yoyote yatakayoandikwa juu yake asomewe kwanza, kwa Kiswahili, mbele ya mumewe. Tukakubali. Wenye maduka wengine walinung'unika kwamba tunawachelewesha. Walionung'unika niliwatazama vizuri mikono.

Nyinyi sasa mnauza kwa picha. Mteja yuko mbali, haoni mikono yenu na nyinyi hamwoni yake. Mnaandika maneno mazuri chini ya picha, na nimeyasoma mengine, mjukuu wangu ananisomea. Juzi nimemsikia mmoja wenu ameandika kwamba vikapu vya Mnyuzi vinasukwa na bibi vizee vipofu. Nawajua wasukaji wote wa Mnyuzi. Wanaona mpaka sindano iliyoanguka mchangani. Aliyeandika yuko hapa, simtaji, lakini akimaliza kunisikiliza afute.

Mwaka huu nilikwenda Handeni kumtafutia mjukuu wangu shanga za harusi. Barabara ni nzuri siku hizi, bodaboda walinifikisha mpaka mlangoni. Lemburis yupo, amezeeka, anaangaliwa na watoto wa watoto. Namnyaki alinipa chai. Tulizungumza magonjwa, mvua, na bei ya dawa za ng'ombe. Nilipoona moyo umelainika nikatoa simu, nikasema nimpige picha moja tu, ya kwangu mwenyewe, nikamwangalie nyumbani.

Akaitazama simu, akanitazama mimi.

"Hapana, Mama Hadija," akasema.

Nikairudisha mfukoni. Nikachagua ushanga mkubwa wa harusi, mweupe na buluu, nikaugusisha mdomoni, ulikuwa wa baridi. Nikamwomba anipe kwa bei ya jumla, kwa kuwa nimemuuzia kazi zake umri mzima.

"Unachukua ngapi?"

"Huu mmoja."

"Basi ni rejareja," akasema, akanyoosha mkono.

Nikalipa.